Kwetu Hakuna Kifafa

Mtaani walimwita Bi Sponji, na hakuwahi kununa kwa jina hilo. Nusu ya sababu ilikuwa kazi. Alikuwa fundi wa kukarabati sofa, na kutwa nzima nywele zake zilikaa na vumbi la njano la sponji aliyokuwa akiikata. Nusu nyingine ilikuwa tabia. Mwambie Bi Sponji siri ya ndoa yako, atainyonya yote, na haitoki hata tone mpaka mtu aje amkamue. Wanawake waliomletea makochi yaliyobonyea walikaa kwenye benchi la karakana yake, wakamwaga yaliyowajaa moyoni, wakaenda zao wepesi. Yeye alibaki na nyundo mkononi na misumari midogo midomoni, na mtu mwenye misumari midomoni, hata akitaka kusengenya, ataanzia wapi?

Lakini siri nzito kuliko zote hakuletewa na mteja. Ilikuwa ya nyumbani kwao.

Alikuwa na dada. Msichana mrefu, mcheshi, hodari wa kuiga sauti za watu hadi mwenye sauti akageuka kutazama nani kamwita. Alipofika miaka ishirini alishikwa na kichwa. Kitapoa, walisema. Hakikupoa. Akilala chali kilizidi, kwa hiyo alilala ameketi, mgongo ukutani. Akaanza kutapika. Akaanza kuona watu wawili wawili, na hata hapo alitania kwamba sasa ana mama wawili na wote wakali. Kisha mwili ukaanza kurushwarushwa, povu likamtoka, na kabla wiki haijaisha alikuwa amekufa.

Mama yao hakulia kwanza. Aliwakalisha wanawe wawili waliobaki, kijana na binti mdogo, ambaye ndiye huyu Bi Sponji, akawaambia, "Mtu akiwauliza, semeni malaria. Kwetu hakuna kifafa. Mmenisikia? Kwetu hakuna kifafa." Maana ukoo ukishapakwa jina hilo, nani atakuja kuoa? Nani ataolewa? Basi yule dada akazikwa mara mbili, mara ya kwanza ardhini, mara ya pili vinywani mwa ndugu zake.

Miaka ikapita na mama naye akaondoka. Tangu uzazi wake wa mwisho mguu wake mmoja ulikuwa umevimba, mzito, akiufunga kitambaa na kuulalamikia kama jirani mkorofi. Asubuhi moja aliinuka kitandani, akasema hawezi kuvuta pumzi, na hakusema tena. Huo wakauita ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo kulikuwa na mguu, kulikuwa na moyo, kulikuwa na malaria, kila kimoja na jina lake, na hakuna mtu katika ukoo ule aliyewahi kuvikalisha vyote meza moja.

Kaka yake alikuwa fundi saa. Mtu nadhifu, mkavu, kola imenyooka, asiyependa kuulizwa swali mara mbili. Alikuwa na binti mmoja tu, na mama wa binti huyo alipoolewa kwingine, malezi yalimwangukia shangazi. Bi Sponji, ambaye hakujaliwa kuzaa, alimlea kana kwamba amemtoa tumboni mwake. Binti alijifunza kutembea akishika miguu ya makochi ya watu. Alikua, akawa mwalimu wa chekechea, akapata mchumba.

Siku ya posa, mama wa mchumba, mwanamke wa makamo aliyekuwa na duka la sare za shule, aliuliza bila kuzunguka.

"Samahani sana, wakwe zangu. Kwenu yupo mwenye kifafa?"

"Hakuna!" fundi saa alijibu, upesi na kwa ukali, hadi vikombe vikasita mikononi mwa watu. Bi Sponji alitazama kucha zake. Yule mama akasema basi, asante, akabadili mazungumzo.

Ndoa ikafungwa. Mtoto wa kike akazaliwa salama, na nyumba mbili zikafurahi. Ilikuwa wiki ya pili baada ya uzazi simu ilipoita karakanani, Bi Sponji akiwa amelivua kochi nguo zote limebaki mbao na springi.

"Shangazi," sauti ya binti ilisema, "kichwa kinaniuma. Tangu juzi."

"Umekula?"

"Nimekula. Kinaniuma nikilala. Nikikaa kinapungua kidogo."

Bi Sponji alitema misumari kiganjani. Hakumalizia hata kulifunika kochi la watu. Alimkuta binti nyumbani kwake ameketi kitandani, mgongo ukutani, macho nusu wazi, mtoto amelala kando. Shangazi akashika fremu ya mlango. Alikuwa ameiona picha hii zamani, na ukuta ule, na mkao ule.

"Ni usingizi tu," alisema mama mkwe, akiingia na kikombe cha chai. "Mtoto hamwachi alale. Jana tulikwenda kliniki, presha wakakuta nzuri, wakasema apumzike. Nampa vidonge vya maumivu."

"Unaona sawasawa, mwanangu?" shangazi aliuliza.

Binti alitabasamu kwa shida. "Nakuona vizuri sana, shangazi. Nakuona wawili."

Hapo Bi Sponji alipiga kelele. Alisema gari litafutwe, sasa hivi, si kesho, si baada ya chai. Mama mkwe alishtuka, akauliza kuna nini, unajua nini? Na Mungu anisamehe kwa kusema hivi juu ya mwanamke mwema, lakini hata pale, hata akiwa na hofu ile, alijibu, "Sijui chochote. Twendeni tu." Hivyo ndivyo mazoea yanavyomshika mtu. Walikuwa wanamvisha viatu binti alipokakamaa, macho yakageuka juu, mikono ikaanza kurushwa.

Hospitalini walimpiga picha ya kichwa, kisha picha nyingine ya mishipa. Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini, anayeongea huku akimtazama mtu usoni. Aliwaita wote kwenye korido ya wodi: mume, mama mkwe, fundi saa aliyekuwa amefika akitota jasho, na shangazi.

"Ubongo una mishipa inayorudisha damu moyoni," alisema. "Mmoja mkubwa umezibwa na bonge la damu. Damu inaingia kichwani lakini kutoka ni shida. Ndiyo sababu ya kichwa, ndiyo sababu ya mtukutiko, huku kurushwa kwa mwili. Uzazi unaweza kuleta jambo hili, lakini wanawake wengi wanajifungua na hawalipati. Kwa hiyo nauliza. Kwenye ukoo, kuna aliyewahi kupata bonge la damu? Mguu kuvimba? Kufa ghafla akiwa kijana? Mitukutiko?"

"Hakuna," alisema fundi saa.

Daktari akamtazama shangazi. Shangazi alitazama sakafu. Alijiambia kuwa bonge la damu si kifafa, kwa hiyo dada yake hakuulizwa. Alijiambia kuwa daktari ameshajua ugonjwa, ameshaanza dawa, historia ya nini tena? Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu.

Dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda ilikuwa inaingia mshipani kwa mashine ndogo iliyolia kila baada ya muda. Wauguzi walikuja kuchota damu, wakaipeleka maabara, wakarudi wakaongeza kiasi, wakachota tena. Mchana wote ukapita hivyo. Mume wa binti alikuwa akimbembeleza mtoto, anatembea naye koridoni, anamwimbia wimbo usio na maneno. Kila muuguzi alipotoka chumbani, wote wanne waliinua nyuso, na kila mara aliwapita.

Jioni ilipokaribia shangazi aliruhusiwa kuingia. Alimshika binti mkono wa kulia, akauminya, kama walivyozoea tangu utotoni. Mkono haukumjibu.

Alitoka akamwita daktari kwa sauti ambayo hakuijua ni yake. Daktari akaingia, akakaa ndani muda mrefu, akatoka. Sasa uso wake ulikuwa na kitu kipya, na wote walikiona.

"Dawa haishiki," alisema. "Nimeongeza na nimeongeza, damu yake inaganda kama vile sijampa kitu. Nikiendelea kuongeza hivi hivi bila kujua, naweza kumfanya avuje damu humo kichwani. Sikilizeni. Dawa hii haifanyi kazi peke yake. Inamtegemea msaidizi aliyemo ndani ya damu ya kila mmoja wetu, ambaye kazi yake ni kuizuia isigande ovyo. Wapo watu wanaozaliwa na msaidizi huyo nusu. Wanarithi, kwa baba au kwa mama, mwanamume au mwanamke. Ningeweza kumpima yeye, lakini akiwa mgonjwa hivi, na dawa inaingia, jibu lake laweza kunidanganya. Ndiyo maana nawauliza tena ninyi wa damu yake."

"Daktari," alisema fundi saa, na sauti yake ilitetemeka kwa hasira, "tumeshajibu. Kwetu watu ni wazima wa afya. Tibu mgonjwa."

Daktari alisubiri kidogo. Kisha akageuka kurudi chumbani.

Ee, wasomaji wangu, ni rahisi mtu kukaa kitako nyumbani akasema, mimi ningesema palepale. Ungesema? Mama yako mzazi amekuapisha. Kaka yako amekukazia macho. Mkwe aliyeuliza swali lilelile siku ya posa amesimama hatua mbili kutoka ulipo, na mwanawe ameshika mtoto. Ukifumbua mdomo, umekiri kwamba mliwaoza kwa uongo. Bi Sponji aliona mgongo wa daktari, koti jeupe, mkono unaogusa mlango.

"Daktari, rudi!"

"Dada," alisema fundi saa kwa sauti ya chini. "Usithubutu."

"Nathubutu." Alikuwa analia tayari. "Daktari, tulikuwa na dada. Alikuwa na miaka ishirini. Kichwa kilimshika hivi hivi, akalala ameketi hivi hivi, akaona watu wawili wawili, akashikwa na kifafa akafa. Tukaambiwa tuseme malaria, tukasema malaria. Na mama yetu, mguu wake ulivimba baada ya kuzaa mpaka anakufa, na alikufa ghafla, pumzi ilikata. Huyo ni mama yake huyu kaka na mimi. Sasa umejua. Mtibu mwanangu."

Daktari hakupoteza neno. Aliuliza mguu ulikuwa mmoja au yote miwili, akaambiwa mmoja. Akamwita muuguzi, akaagiza dawa ibadilishwe, iletwe ile nyingine isiyomhitaji msaidizi. "Sisubiri maabara," alisema. "Lakini nitahitaji damu yako, mama. Wewe huumwi, damu yako itaniambia ukweli."

"Chota yote," alisema Bi Sponji.

Aliporudi kutoka kutolewa damu, pamba mkononi, kaka yake alikuwa amesimama dirishani amewapa mgongo.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema bila kugeuka.

Bi Sponji alikwenda kukaa kwenye benchi, kando ya mama mkwe, akangoja kutukanwa. Yule mama alikuwa akikunja na kukunjua pindo la nguo yake.

"Nilimpa vidonge vya maumivu," alisema hatimaye. "Siku zote zile. Nikamwambia lala, lala, na kumbe kulala ndiko kulikomuumiza. Mngeniambia, ningembeba mgongoni siku ya kwanza."

"Nisamehe, mkwe."

"Na unajua kwa nini niliuliza ile siku?" Akageuka, macho mekundu. "Ndugu yangu wa mwisho ana kifafa. Kweli kabisa, tangu utoto. Huwa tunamficha nyumba ya nyuma wageni wakija. Niliuliza nikiomba Mungu mseme yupo, ili na mimi nipumue niwaambie wetu. Kaka yako akanirukia na 'hakuna' yake, nikaufyata mdomo."

Wakatazamana. Katika siku nyingine labda wangecheka mpaka wakashika mbavu, koo mbili zilizooneana aibu kwa aibu ileile. Siku hiyo walishikana mikono tu, wakaendelea kuutazama mlango.

Giza lilipoingia, muuguzi alitoka akasema damu sasa imeanza kuitikia dawa. Hakusema amepona. Alisema imeanza kuitikia, na mume wa binti akakaa chini sakafuni palepale na mtoto wake mikononi.

Jibu la damu ya shangazi lilikuja baadaye: msaidizi wake alikuwa nusu. Alikuwa ametembea na kitu hicho maisha yake yote, akiinama, akiinuka, akigonga misumari, na labda kutozaa ndiko kulikomwokoa; labda sivyo; daktari alisema hilo hakuna anayeweza kuliapia. Fundi saa alipimwa kwa shingo upande, naye akakutwa nusu. Alimpa binti yake kitu hicho bila kujua, kama alivyompa urefu na vidole vyembamba. Mtoto mchanga atapimwa akikua kidogo. Huenda anacho, huenda hana, ni kama kurusha sarafu.

"Na dada yetu?" Bi Sponji alimwuliza daktari. "Haikuwa kifafa?"

"Siwezi kumpima aliyekufa," alisema daktari. "Lakini kwa ulivyonisimulia, naamini lilikuwa bonge la damu kichwani, kama hili. Mtukutiko ulikuwa matokeo."

Binti alirudi nyumbani akiwa na dawa atakazomeza kwa muda mrefu na mkono wa kulia uliochelewa kutii. Baadhi ya maneno yalimkimbia. Alitaka kusema kijiko, akasema kile cha kukorogea. Shangazi alihamia pale kwa muda, amfundishe mkono kazi upya: akampa mabaki ya vitambaa vya makochi, na sindano nene, washone pamoja. Fundi saa alikuja kila Jumapili, akasalimia, akamtazama mjukuu, akaondoka. Kwa dada yake hakusema zaidi ya hujambo.

Jumapili moja binti aliweka sindano chini.

"Shangazi ameniambia habari za yule dada yenu," alisema, akitafuta kila neno. "Nataka na wewe uniambie, baba."

"Yaliyopita yamepita."

"Yangeniua."

Fundi saa alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Bi Sponji alidhani ataondoka. Badala yake alikaa, polepole, kwenye ukingo wa kiti.

"Wewe hukuwepo," alimwambia dada yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu ile siku ya korido. "Mama alikutuma ukaite watu, kisha akabadili nia, akasema majirani wasisikie. Dada alikuwa anakoroma, anatoa sauti. Mama akaniambia, mshike, mzibe mdomo. Nilikuwa kijana mwenye nguvu. Nikamshika. Nikamziba kwa kiganja hiki." Akakiinua, akakitazama. "Nikashikilia mpaka akatulia. Na hakuamka tena."

Miaka yote Bi Sponji alidhani kaka yake analinda jina la ukoo.

"Nimekaa nikijua nimemuua," alisema mzee. "Kila mtu akiuliza kuhusu kifafa, nilisikia ananiuliza mimi."

Binti aliinuka kwa shida, akajishika mezani, akafika alipokaa baba yake. Alitafuta maneno, na maneno yalimchezea, lakini yalikuja.

"Ilikuwa damu, baba. Daktari amesema. Ilikuwa damu, kama yangu. Siyo mkono wako."

"Una hakika?" aliuliza mzee.

"Nina hakika."

"Una hakika?" aliuliza tena, akilia sasa bila kujificha, na akaendelea kuuliza, na kila mara binti yake alimjibu.